Wapwa wawili wa nyumba moja, mmoja kashikwa na korosho za watu

SWALI: Mzee mmoja wa Masasi, mkoani Mtwara, ameniandikia kuhusu wapwa zake wawili. Anawalea tangu dada yake ahamie Dar es Salaam kutafuta maisha. Mkubwa ana miaka 19 na anasomea umeme wa majumbani VETA. Mdogo ana miaka 16, aliacha shule kidato cha pili, na siku hizi anashinda kijiwe cha bodaboda. Msimu huu alishikwa alfajiri na wenzake wawili, wana viroba vya korosho kutoka shamba lisilo lao. Yuko nje kwa dhamana. Kikao cha ukoo kimegawanyika: kuna wanaosema umaskini, kuna wanaosema malezi, kuna wanaolaumu bangi. Mzee anauliza: “Ninyi mliosomea mambo ya jamii mnasemaje? Na je, nimwache sheria imfunze, au nimpeleke kwa mama yake Dar?”

JIBU: Mzee wangu, shikamoo.

Nianze na umaskini, maana ndio unaotajwa kwanza katika kila kikao cha namna hiyo. Umaskini ungekuwa jibu zima, wapwa zako wote wawili wangekuwa wezi, kwa kuwa wamekulia nyumba moja na kula sufuria moja. Na hapo Masasi wamejaa vijana wenye hali ngumu kuliko yao ambao hawajawahi kugusa cha mtu. Mwaka 1969 Mmarekani Travis Hirschi, mtaalamu wa mambo ya jamii, alichapisha matokeo ya utafiti uliogusa wanafunzi zaidi ya 4,000 wa eneo la Richmond, California. Aliwapa dodoso waeleze wenyewe makosa waliyoyatenda. Tofauti kati ya mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho ilikuwa ndogo kuliko watu walivyozoea kuamini. (Wasichana nao walijaza dodoso, kisha kwenye uchambuzi akawaweka kando. Nadharia nyingi nitakazozitaja hapa zina kasoro hiyo hiyo: zimejengwa kwa kutazama wavulana wa miji ya Marekani. Zipokee ukilijua hilo.)

Hirschi aliligeuza swali. Wenzake walikuwa wanauliza kwa nini huyu anaiba. Yeye akauliza kwa nini wengi wetu hatuibi, ilhali kuiba ni rahisi na faida yake ni ya papo kwa papo. Jibu lake ni kwamba tumefungwa kamba, na alizihesabu nne. Kuna mapenzi kwa watu ambao hatutaki kuwaaibisha. Kuna vitu tulivyokwisha kuvitolea jasho, kama masomo au heshima mtaani, ambavyo tutavipoteza tukishikwa. Kuna shughuli zinazotumaliza siku nzima. Na kuna kuamini kwamba sheria ina haki ya kutuamuru.

Sasa watazame vijana wako. Mkubwa ana cheti anachokingoja, ana mwalimu wa karakana anayemjua kwa jina, na jioni anarudi kachoka. Mdogo, siku alipoacha kidato cha pili, kamba mbili zilikatika kwa mpigo mmoja, na ile ya mama ilikuwa imelegea tangu safari ya Dar. Imebaki ya kwako. Kuna jambo katika utafiti ule ambalo walezi wengi hawalijui: mzazi hahitaji kumganda mtoto saa zote. Kinachomzuia kijana ni mzazi kumjia kichwani pale pale kwenye kishawishi, na hilo huenda pamoja na swali la kawaida kabisa, yaani kama mlezi anajua kijana yuko wapi na yuko na nani. Alfajiri ile ulijua? Siulizi ili nikulaumu. Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba si mlezi wa akiba, ndiye mwenye sauti. Kwa hiyo wanaosema “malezi” wana hoja, lakini wanakosea wakidhani malezi ni fimbo.

Wale wa umaskini nao wamesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ilielezwa na Robert Merton mwaka 1938. Alichukua wazo la Mfaransa Émile Durkheim kuhusu jamii ambayo kanuni zake zimelegea, hali aliyoiita anomia, akalipeleka mbele. Kwa Merton, kukosa mali peke yake hakuzalishi uhalifu. Kinachouzalisha ni jamii kumhimiza kila mtu atamani kitu fulani huku njia halali za kukipata zikiwa wazi kwa wachache. Wengi huendelea na njia halali hivyo hivyo. Wengine hushika taratibu bila tumaini lolote. Wengine hujitoa kabisa, na hapa ndipo Merton aliwaweka walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Wengine hukataa malengo na njia zote mbili, wakataka jamii nyingine. Na kuna wanaoyataka malengo yale yale ila wanabuni njia ya mkato. Mpwa wako yumo kwenye kundi hilo la mwisho.

Mkoa wetu unaifahamu habari hii kuliko mikoa mingi. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982, lakini ni miaka ya 2010, kulipogunduliwa gesi nyingi baharini, ndipo watu walipoanza kuambiwa kwamba Mtwara itageuka. Viwanja vikapanda bei, vijana wakakaa mkao wa ajira. Kisha ukaja mpango wa bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, na tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji wa Mtwara ukalipuka kwa ghasia. Vijana wale waliitwa wahuni na vibaka kwa jumla. Siwatetei waliochoma nyumba za watu. Lakini kijana aliyesema gesi haitoki alikuwa anabishia mgawanyo wenyewe, hadharani, mchana. Mpwa wako habishii chochote. Anataka simu ile ile na pikipiki ile ile wanazozitaka wenzake, ila apitie mlango wa nyuma. Ukiyachanganya mambo haya mawili utakosea tiba ya yote mawili.

Kwa umri wake, gesi ni hadithi ya wakubwa. Pengo analoliona yeye ni la msimu. Oktoba hadi Desemba unajua mitaa inavyobadilika: malipo ya mnada yakiingia benki kuna bati jipya, kuna pikipiki mpya, kuna muziki mpaka usiku wa manane, na kijana asiye na mkorosho hata mmoja anayashuhudia yote hayo akiwa amekaa kijiweni.

Lakini kutamani hakuuzi korosho.

Hapa nakuomba tukae kidogo, kwa sababu barua yako imeeleza nani aliiba, aliiba kwa nani na nani alimkamata, ila haikumtaja kabisa mtu mmoja: mnunuzi. Mwaka 1960 Richard Cloward na Lloyd Ohlin walimkumbusha Merton kitu alichokiruka. Walisema njia za haramu nazo haziko wazi kwa kila anayezitaka. Mtu hawi mwizi wa mali ya kuuzwa kwa sababu tu ameamua. Anahitaji mahali penye soko la mali hiyo, na wakubwa walio tayari kumpokea. Penye wakubwa wa namna hiyo, vijana huingia wizi wa kipato, wenye utaratibu wake. Pasipokuwa nao, vijana wale wale huishia kwenye magenge ya kupigana, au kwenye ulevi.

Fuata njia ya korosho uone walichokisema. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tulionao tangu msimu wa 2007, mkulima anapeleka korosho ghafi chama cha msingi. Mzigo unapimwa, unaandikwa kwa jina lake, unapelekwa ghala kuu, unanadiwa, halafu yeye anangoja malipo kwenye akaunti. Kijana wa miaka 16 hana shamba, hajaandikishwa, hana akaunti. Hawezi kuuza pale hata kilo moja. Anayeweza kuzichukua ni mtu wa kangomba, anayepima kwa bakuli, anayelipa taslimu hapo hapo kwa bei ya kutupa, na asiyeuliza zimetoka wapi. Naye hawezi kukaa nazo. Ili zipate bei, mara nyingi lazima ziingie kwenye mfumo kwa jina la mkulima fulani mwenye shamba la kweli. Kwa hiyo nyuma ya vile viroba kuna watu wazima wawili, pengine watatu, wenye nyumba na familia, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa alfajiri ile. Ukoo umemjadili mtoto siku nzima, na watu hao hawakutajwa.

Edwin Sutherland, aliyeikamilisha nadharia yake mwaka 1947, angeongeza kwamba wizi hufundishwa. Unajifunzwa kama kazi nyingine yoyote, katika mazungumzo na watu wa karibu, na anayejifunza hupata vitu viwili: ufundi na sababu. Ufundi wa wizi huu unaujua mwenyewe. Uingie shambani kabla mwenyewe hajaamka, uokote zilizodondoka usiku, unyonge bibo na kuliacha pale pale chini ya mkorosho, utoke na korosho tupu. Mpwa wako hakuzaliwa akijua hayo, na shuleni hayafundishwi. Sutherland alisema nguvu ya mafunzo hutegemea yameanza mapema kiasi gani, yanarudiwa mara ngapi, kwa muda gani, na anayefundisha anaheshimiwa kiasi gani. Kaka yake anashinda na mafundi umeme. Yeye anashinda kijiweni. Silaumu bodaboda wote, wengi wao wana familia wanazozilisha kwa jasho. Nasema tu kwamba mtu mmoja mwenye pesa ya haraka na maneno matamu anatosha kukigeuza kijiwe kuwa darasa.

Ile sehemu ya sababu ndiyo inayonivutia zaidi. Gresham Sykes na David Matza waliandika mwaka 1957 kwamba vijana wengi wanaovunja sheria wanajua vizuri sana kuwa kuiba ni vibaya. Hawana maadili yao ya pembeni. Wanachofanya ni kujitengenezea visamaha vya kuzima dhamiri kwa muda mfupi, na hutengeneza hata kabla ya tendo, si baada yake tu. Mkae wawili, siyo mbele ya kikao, umuulize taratibu, kisha umsikilize bila kumkatiza. Natarajia utasikia maneno ya namna hii: “Zilikuwa zimeanguka chini, hatukuchuma.” “Mwenye shamba yuko Dar, hata hajui ana mikorosho mingapi.” “Wenyewe kwenye mizani wanawaibia wakulima, mbona hawashikwi?” “Wenzangu walikuwa wanakwenda, ningewaachaje?”

Usimzabe kofi kwa maneno hayo. Kila moja limetoka mahali, na mengi yametoka midomoni mwetu watu wazima. Lile la mizani hasa ni gumu kulijibu, kwa sababu kijana amekulia akisikia wazee wakilalamikia vipimo na makato kila msimu. Sutherland huyo huyo, mwaka 1939, aliwashangaza wenzake kwa hotuba kuhusu uhalifu wa watu wenye vyeo na suti, ambao mara nyingi huishia kwenye barua za onyo wakati mwizi wa mfukoni anapelekwa mahakamani. Ukimjibu kijana kwamba wakubwa hawaibi, umempoteza. Mwambie ukweli: wapo wanaoiba, na yule aliyeibiwa alfajiri ile hayumo kati yao. Ni mkulima aliyepalilia shamba lake na kulipulizia salfa kwa pesa ya mkopo. Kama inawezekana, akutane naye uso kwa uso, nawe ukiwepo.

Kuhusu bangi sitakaa sana. Inaweza kuwepo. Lakini mara nyingi inaingia kwa mlango ule ule wa marafiki na siku tupu ulioingiza wizi, kwa hiyo kuiita chanzo ni kuruka hatua. Akiivuta, limalize kama suala la afya yake, na usikubali litumike kufunga mjadala.

Sasa maswali yako mawili ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo mazito.

Je, umwache sheria imfunze? Kwanza ujue sheria yenyewe inasemaje. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi yake inapaswa kusikilizwa na Mahakama ya Watoto, hatakiwi kuchanganywa na watuhumiwa watu wazima, na hahukumiwi kifungo cha jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti au kumweka chini ya uangalizi, na ikibidi kumpeleka shule ya maadilisho. Taarifa ya afisa ustawi wa jamii kuhusu nyumba anayotoka ina uzito mkubwa. Kwa hiyo wale ndugu wanaosema “akae ndani ajifunze” wanaomba kitu ambacho sheria haikipangi. Na wakifanikiwa kwa bahati mbaya, kwa mfano umri wake usithibitishwe akalazwa mahabusu na wakubwa, atajifunza kweli, kwa maana ya Sutherland. Kesho asubuhi tafuta cheti chake cha kuzaliwa. Kama hakipo, tafuta kadi ya kliniki au barua ya shule aliyoiacha, uende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoki mahakamani. Edwin Lemert mwaka 1951, na baada yake Howard Becker mwaka 1963, walichunguza kinachotokea baada ya kosa la kwanza. Vijana wengi hukosea, wachache hushikwa, na anayeshikwa hupachikwa jina. Likishapachikwa, kila kitu chake kinasomwa upya kupitia jina hilo. Kuku akipotea, ni yeye. Fundi hamchukui kibarua. Mama wa rafiki anamwambia mwanawe asionekane naye. Kinachobaki ni wale wenzake wawili na yule mnunuzi, ambao peke yao hawamshangai. Kosa la pili, kwa Lemert, hutokana na namna tulivyolipokea la kwanza. Na hapa kwetu jina “mwizi” lina ubaya wa ziada, maana magazeti yana msemo wao, “wananchi wenye hasira kali”, na sote tunajua habari inayofuata msemo huo. Wakanye ndugu zako, hasa vijana wa nyumbani, wasimwite hivyo hata kwa utani. Aliiba; hilo litamkwe, na alipe. Ila liwe jambo alilolifanya.

Je, umpeleke Dar? Inategemea Dar ya wapi na siku yake itajazwa na nini. Clifford Shaw na Henry McKay walifuatilia kumbukumbu za watoto waliofikishwa mahakamani Chicago kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 1942 wakaonyesha kitu kilichoziba midomo ya wabaguzi: mitaa iliyokuwa na makosa mengi iliendelea kuwa nayo hata wakazi walipobadilika, Wajerumani na Waayalandi wakiondoka, Waitaliano na Wapolandi wakiingia. Tatizo lilikuwa mtaa, halikuwa kabila. Miaka mingi baadaye, 1997, Robert Sampson na wenzake walirudi Chicago, wakahoji watu 8,782 katika maeneo 343, na kuona kwamba penye majirani wanaoaminiana na walio tayari kumuuliza mtoto wa mwenzao “mbona hujaenda shule?”, vurugu hupungua hata kama kipato ni kile kile. Mtaani kwako Masasi bado kuna watu wanaoweza kumuuliza hivyo. Kuna mwalimu wake wa zamani, kuna waliomcheza jandoni, kuna wewe. Kwenye chumba cha kupanga Dar, mama yake akitoka alfajiri kwenda gengeni na kurudi usiku, nani atamuuliza? Kama mama ana nafasi katika maisha yake, na anayo, basi apige simu kila siku, aje kwenye kesi, atajwe kwenye taarifa ya ustawi. Kumhamisha kijana aliye nje kwa dhamana katikati ya kesi, zaidi ya kwamba kunaweza kuvunja masharti ya dhamana, ni kukata kamba chache zilizobaki.

Nikupe na habari ya kukutuliza, maana nimeona umeandika kwamba huyu “kashaharibika”. Karibu kila jamii iliyotunza takwimu za uhalifu imeona makosa yakipanda ujanani kisha yakishuka sana watu wanapokua. Robert Sampson huyo huyo na John Laub walichukua kumbukumbu za wavulana 500 wa Boston waliokuwa wamepelekwa shule za marekebisho, wakafuatilia maisha yao hadi uzeeni. Hata kati ya hao wengi waliacha. Waliowasaidia kugeuka walikuwa mke, kazi ya kudumu na jeshi, yaani vitu vinavyompa mtu ratiba na watu wapya wa kuwajali. Miaka 16 mke si suala, na jeshi bado. Kazi ndiyo iliyo karibu. Kaka yake yuko VETA na anawajua mafundi. Muulize ni nani kati yao anayeweza kumchukua kama msaidizi wa kubeba nyaya na kupasua kuta, kwa posho ndogo, kuanzia wiki hii. Fundi huyo aelezwe habari yote kabla, asije akaisikia kijiweni. Akikubali, mwombe barua fupi, uiambatanishe na cheti cha kuzaliwa unapokwenda ustawi, maana afisa akiwa na kitu cha kuandika kuhusu mahali kijana anaposhinda mchana, masharti ya mahakama huwa mepesi kuyapendekeza.

Na jina la mnunuzi, kijana akilitaja, usilipeleke kijiweni. Lipeleke kwa mpelelezi wa kesi, mbele ya afisa ustawi, ili lisije likageuka ugomvi wa kijana na watu wenye uwezo kuliko yeye.